Ziwa Linakoelekea: Usawa wa Maji ya Tanganyika na Hesabu ya Kikomo

Ufuko wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, ni mwalo wa dagaa na kituo cha maboti yaendayo Kongo, Burundi na vijiji vya ukanda wa Gombe. Baada ya usiku wa kuvua, dagaa humwagwa na kuanikwa hatua chache kutoka majini, na mizigo hubebwa mabegani kutoka mchangani hadi botini. Kazi zote hizo zinategemea mahali mchanga unapoanzia na maji yanapoishia, na mpaka huo haujawahi kutulia. Tangu wasafiri wa kwanza kuandika habari za Ujiji katikati ya karne ya 19, usawa wa Ziwa Tanganyika umepanda na kushuka kwa tofauti ya takriban mita 10. Mabishano yaliyozuka kuhusu mwendo huo yaligusa swali ambalo mwanafunzi wa kalkulasi hukutana nalo katika wiki zake za mwanzo: kitu kinachobadilika, kikiachwa kiendelee bila mwisho, kinaelekea wapi?

Jibu la swali hilo, likiwepo, huitwa kikomo katika infiniti. Wanafunzi wengi hulijua kwa alama zake tu, yaani x ikienda kwenye infiniti, 1/x inaenda kwenye sifuri, kisha wanaendelea na zoezi linalofuata. Historia ya ziwa hili inalifafanua jambo hilo kwa undani zaidi, kwa sababu watu wenye akili timamu na bidii kubwa walilikosea hapa hapa, mbele ya maji yenyewe. Kosa lao kubwa lilikuwa kudhani kwamba kikomo kinataja tarehe. Kikomo hutaja mwelekeo tu.

Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji Februari 1858, wakipita njia ya misafara ambayo wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa wameizoea kwa miaka mingi. Ujiji ulikuwa mji wa soko: pembe za ndovu, watumwa, mafuta ya mawese, samaki, na chumvi kutoka Uvinza. Wageni hao walitaka kujua maji ya ziwa yanatoka kwa njia gani. Aprili mwaka huo walisafiri kwa mitumbwi hadi Uvira, upande wa kaskazini, wakitarajia kuona Mto Rusizi ukitoka ziwani kuelekea Nile. Wenyeji wa Uvira waliwaambia bila kusita kwamba Rusizi unaingia ziwani. Burton alirudi akiamini kwamba ziwa hili kubwa halina mto hata mmoja unaotoa maji yake.

Hapo ndipo tatizo lilipoanza. Maji ya Tanganyika yananyweka, na kila mto unaoingia ziwani hubeba chumvi kidogo iliyoyeyuka kutoka kwenye miamba na udongo. Mto Malagarasi, unaomwaga maji yake kusini mwa Ujiji, hupita kwenye nchi ile ile ya Uvinza ambako chemchemi za maji ya chumvi zimechemshwa na watu kwa karne nyingi. Jua huondoa maji kwa mvuke na kuiacha chumvi. Wanajiografia wa Ulaya wakasema basi: ziwa lisilo na mlango wa kutokea lazima liwe la chumvi; hili si la chumvi; kwa hiyo lazima mlango uwepo. Hoja hiyo inapendeza kwa wepesi wake, lakini ina ufa.

Ufa huo huonekana hesabu ikiandikwa. Ichukuliwe kwamba ziwa lililofungwa lina chumvi kiasi A leo, na kila mwaka inaongezeka chumvi kiasi m. Baada ya miaka t, jumla itakuwa A + mt. Jumla hiyo haina kituo. Kitajwe kiasi chochote kile, hata kikubwa namna gani, utafika mwaka ambao chumvi itakipita na haitarudi chini yake tena. Hiyo ndiyo maana kamili ya kusema kwamba kikomo cha A + mt ni infiniti. Infiniti si namba iliyokaa mbali ikingoja kufikiwa. Ni namna fupi ya kusema kwamba hakuna dari.

Kwenye kanuni hiyo hiyo kuna jambo la pili linalostahili kuangaliwa. Jumla A + mt ikigawanywa kwa idadi ya miaka t, hupatikana A/t + m. Juu kuna kitu kinachokua bila dari, chini kuna kingine kinachokua bila dari, na anayetazama haraka atasema haiwezekani kujua mwisho wake. Lakini A/t hunyauka kadiri miaka inavyozidi, kwa sababu A ni ileile na kigawanyo kinakua. Kinachobaki ni m. Kwa muda mrefu, chumvi ya mwanzo haina sauti tena katika wastani, na kinachotawala ni ile inayoingia kila mwaka. Mbinu ya vitabuni ya kugawanya juu na chini kwa kipeo kikubwa zaidi cha x inafanya kazi hiyohiyo: inatenganisha kinachonyauka na kinachobaki.

Ziwa lenye mlango hufuata njia nyingine. Mto unaotoka hubeba chumvi pia, na kadiri ziwa linavyozidi kuwa la chumvi ndivyo mto huo unavyobeba zaidi. Ongezeko la kila mwaka hupungua, likapungua tena, mpaka chumvi inayotoka inakaribiana na inayoingia. Kiwango cha chumvi basi kina kikomo chenye namba: chumvi inayoingia kwa mwaka, ikigawanywa kwa ujazo wa maji yanayotoka kwa mto katika mwaka huohuo. Ziwa lililofungwa lina kikomo cha infiniti na ziwa lililo wazi lina kikomo cha kawaida. Hadi hapo wanajiografia walikuwa sahihi.

Walichosahau ni mwendo. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673, kina kinachofikia mita 1,470, na ujazo wa takriban kilomita za ujazo 18,900. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za maji yanayoondoka huondoka kwa mvuke. Kwa makadirio yanayotumiwa sana, mto unaotoka hubeba kilomita za ujazo 2.7 tu kwa mwaka. Kugawanya namba hizo mbili kunatoa miaka 7,000 hivi. Huo ndio muda ambao ziwa lingehitaji kubadilisha maji yake yote kwa kupitia mlango wake. Chombo kikubwa namna hiyo kikifungwa kwa miaka mia moja au mia mbili, ladha ya maji haibadiliki kiasi cha mtu kuitambua kwa ulimi. Kwa hiyo mtu wa 1858 aliyeonja maji ya Ujiji hakuweza kujua kama mlango ulikuwa wazi mwaka ule. Utamu wa maji ulithibitisha kwamba ziwa limekuwa na njia ya kutokea kwa sehemu kubwa ya maelfu ya miaka iliyotangulia, na haukuthibitisha zaidi ya hapo. Ziwa Rukwa, lisilo na mto unaotoka na lenye maji machache kwa mbali, lina chumvi na magadi: nalo lipo kwenye safari ileile, isipokuwa limekwisha kwenda mbali zaidi.

Burton na wapinzani wake walikuwa kila mmoja na nusu ya ukweli, na miaka ishirini iliyofuata ilizileta nusu hizo pamoja.

Mwishoni mwa 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley, muda mfupi baada ya kukutana Ujiji, walipanda mtumbwi hadi kaskazini na kuona kwa macho kwamba Rusizi unaingia ziwani, kama wenyeji wa Uvira walivyokuwa wamesema miaka kumi na mitatu kabla. Februari 1874 akafika Verney Lovett Cameron. Alipata mashua mbili Ujiji, akazipa majina ya Betsy na Pickle, akafuata pwani ya kusini. Mwanzoni mwa Mei, kwenye ufuko wa magharibi, aliingia katika mdomo wa mto uitwao Lukuga. Mkondo ulielekea nje ya ziwa, polepole sana, na baada ya maili chache njia ilizibwa na matete na majani yaliyosongamana. Cameron akatangaza kwamba mlango umepatikana.

Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 aliona jambo ambalo halikuhitaji chombo cha kupimia. Miti mitatu ya aina ya michikichi, ambayo mwaka 1871 aliikuta imesimama kwenye uwanja wa soko, sasa ilikuwa majini. Sehemu kubwa ya mchanga wa ufukweni ilikuwa imemezwa. Ziwa lilikuwa likipanda mwaka baada ya mwaka. Kuanzia Juni hadi mwishoni mwa Julai alilizunguka lote kwa mashua yake, Lady Alice, na alipofika Lukuga akaachilia vitu vielee majini ili kuona vinakokwenda. Upepo wa ziwani ulivisukuma ndani ya mto, na upepo ulipolegea vikasita. Hapakuwa na mto unaotiririka. Palikuwa na kinamasi kilichozibwa kwa tope na mafunjo. Hitimisho lake lilikuwa zuri kuliko la yeyote aliyemtangulia: Lukuga ulikuwa mlango zamani, umezibika, maji yanajazana nyuma ya kizuizi, na baada ya miaka michache yatakivuka.

Ndivyo ilivyokuwa, na haikuchukua muda. Maji yalifikia kilele mwaka 1878, kizuizi kikavunjika. Edward Coode Hore, baharia wa Chama cha Wamisionari cha London aliyefika Ujiji mwaka huo, alikwenda Lukuga mwaka 1879 akakuta mto wenye nguvu ukikimbilia magharibi kuelekea Mto Lualaba. Mwishoni mwa mwaka huohuo Joseph Thomson akauona pia. Hore aliweka alama Ujiji za kufuatilia usawa wa maji, na alama hizo zikaanza kubaki juu, kavu.

Kushuka huko kulikuwa kukubwa. Mwaka 1878 maji yalikuwa kwenye mita 783 na ushee juu ya usawa wa bahari. Katikati ya miaka ya 1890 yalikuwa karibu na mita 773. Eneo la ziwa ni kilomita za mraba 32,900 hivi, kwa hiyo mita kumi za kina ni kilomita za ujazo karibu 330 za maji yaliyopitia Lukuga, mbali na yale ya kawaida, kwa muda usiozidi miaka 20. Ujiji ulipoteza bandari yake. Mahali Livingstone na Stanley walipokutana, ambapo leo pana mnara na miembe, hapapigwi tena na mawimbi hata kidogo. Kutoka hapo hadi majini ni mwendo wa kutembea. Wajerumani walipoileta reli ya kati hadi ziwani mwaka 1914, waliifikisha Kigoma, kwenye ghuba yenye kina, na si Ujiji uliokuwa na jina kubwa zaidi. Kigoma ikawa mji na Kibirizi ikawa mwalo wake wa kaskazini.

Mteremko wa aina hii ndio mfano wa wazi wa kikomo katika infiniti. Maji yakiwa juu sana ya kizingiti cha mto, yanatoka kwa nguvu na usawa unashuka haraka. Yakikaribia usawa wake wa mwisho, yanatoka kidogo, na kushuka kunapungua kasi. Kwa ajili ya darasa ichukuliwe kanuni nyepesi: tofauti kati ya usawa wa ziwa na usawa wa mwisho ni mita 10 mwanzoni, na hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 4. Tofauti baada ya miaka t ni 10 × (1/2) kwa kipeo cha t/4. Baada ya miaka 4 ni mita 5, baada ya 8 ni mita 2.5, baada ya 12 ni mita 1.25. Hakuna mwaka ambao tofauti hiyo inakuwa sifuri kamili. Hata hivyo kikomo chake ni sifuri.

Sentensi hizo mbili za mwisho huwasumbua wanafunzi kuliko kitu kingine katika somo hili, na ziliwasumbua wanahisabati kwa muda mrefu pia. John Wallis aliandika alama ya ∞ mwaka 1655, lakini kuwa na alama hakukumaanisha kuwa na maana iliyonyooka. Augustin-Louis Cauchy, mwaka 1821, alikiweka kikomo kwenye msingi wa kalkulasi kwa kukieleza kuwa ni thamani ambayo kitu kinachobadilika huikaribia mpaka tofauti iwe ndogo kadiri mtu anavyotaka. Karl Weierstrass, katika mihadhara yake ya Berlin, aliondoa hata neno la kukaribia, lililobeba picha ya mwendo, akaweka mahali pake mashindano ya namba. Eduard Heine alichapisha maelezo ya namna hiyo mwaka 1872, miezi michache tu baada ya safari ya Livingstone na Stanley kwenda Rusizi.

Mashindano yenyewe ni haya. Mtu mmoja anataja upungufu anaoweza kuuvumilia. Mwingine lazima ataje mwaka ambao, kuanzia hapo na kuendelea, tofauti haizidi upungufu huo. Kwa kanuni ya hapo juu, akitaja mita moja, jibu ni mwaka wa 14. Akitaja sentimita moja, jibu ni mwaka wa 40. Akitaja milimita moja, ni mwaka wa 54. Ikiwa kwa kila upungufu ulio mkubwa kuliko sifuri jibu linapatikana, bila kubakiza hata mmoja, basi kikomo kipo. Haiulizwi kama ziwa litafika. Inaulizwa kama kuna mwaka ambao baada yake ziwa halitoki tena kwenye ukingo uliotajwa. Kwenye mchoro, usawa huo wa mwisho ni mstari mlalo, nao huitwa asimptoti.

Maneno "kuanzia hapo na kuendelea" ndiyo yenye uzito wote, na ziwa linaonyesha kwa nini. Kila mwaka maji ya Tanganyika hupanda wakati wa masika, yakawa juu kabisa Aprili au Mei, kisha hushuka kiangazi chote hadi Oktoba au Novemba. Tofauti ya kawaida inakaribia mita moja. Wavuvi wa Kibirizi huijua bila kipimo, kwa kuona mahali mitumbwi inapovutwa. Hata kama mvua zingekuwa zilezile kila mwaka milele, usawa wa kila siku usingekuwa na kikomo: ungepita kwenye wastani wake mara mbili kila mwaka, halafu ungeondoka tena. Kufika mara nyingi hakutoshi; sharti ni kutoondoka. Wastani wa mwaka mzima, kwa upande mwingine, ungeweza kuwa na kikomo bila shida.

Kuna mwendo mwingine, huu wa chini ya maji, unaosahihisha dhana iliyoenea mashuleni kwamba mchoro hauruhusiwi kuvuka asimptoti yake. Upepo wa kusi, kati ya Mei na Septemba, husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini. Kusi ikikatika, tabaka hilo hurudi, likapita kiasi, likarudi tena, na kila mzunguko huchukua takriban wiki nne. Kama upepo usingevuma tena, kila mbembeo ungekuwa mdogo kuliko uliotangulia. Mchoro wa mbembeo wa namna hiyo huvuka mstari wa utulivu mara zisizo na hesabu, na bado kikomo chake ni mstari huohuo, kwa sababu kwa kila upungufu utakaotajwa kuna siku ambayo baada yake mbembeo hauuzidi. Kuvuka si kosa.

Lakini ziwa halisi halifuati kanuni moja. Lukuga ulipofunguka, maji yalikula tope na uoto wa kizingiti mpaka karibu na mwamba, kwa hiyo usawa wa mwisho wenyewe ulikuwa ukishuka wakati ziwa likiufuata. Zamani zaidi mabadiliko yalikuwa makubwa kupita hayo. Volkano za Virunga zilizuia njia ya zamani ya Ziwa Kivu kwenda kaskazini, na takriban miaka 10,000 iliyopita Kivu ikaanza kumwagikia Tanganyika kwa Mto Rusizi. Kabla ya hapo, katika zama za ukame, Tanganyika ilikuwa chini kwa mamia ya mita. Kila mara masharti yalipobadilika, kikomo kilibadilika, na ziwa likaanza safari mpya kabla ya kumaliza ya kwanza. Ndiyo sababu kauli ya kikomo huanza na sharti ambalo mara nyingi halisemwi: mambo mengine yakibaki yalivyo.

Karne ya 20 ilitoa ushahidi wake. Mvua nzito zilizoanza mwishoni mwa 1961 zilijaza maziwa ya Afrika Mashariki kwa pamoja, Victoria na Tanganyika yakiwamo, na Mei 1964 Tanganyika lilifika karibu mita 777. Kisha likaanza kushuka, kwanza haraka, baadaye polepole, na kwa miaka mingi likazunguka kwenye mita 774 hadi 775 hivi. Kizazi kizima kilikua kikidhani kwamba ufuko wa wakati huo ndio ufuko wa kudumu. Nyumba, vichanja vya dagaa, maghala na barabara vikasogea mbele.

Kuanzia 2020 maji yakapanda tena. Nchini Burundi, Gatumba na sehemu za Bujumbura zilizama; upande wa Kongo, Uvira na Kalemie zikapata mafuriko, na katika mialo ya Kigoma, Kibirizi ikiwamo, maji yalipanda juu ya ufuko uliozoeleka. Mwaka 2024 usawa ulikaribia tena mita 777, karibu sawasawa na ule wa miaka 60 kabla. Baada ya kilele kama hicho mkondo wa Lukuga hukua na ziwa huanza kushuka, kama lilivyoshuka baada ya 1964. Wastani wa muda mrefu uko chini ya kilele. Lakini familia iliyojenga kwenye mita 776 haiishi kwenye wastani. Inaishi kwenye mwaka fulani wa mteremko huo, na kanuni yenyewe inasema miaka ya juu ni mingi kabla tofauti haijawa ndogo.

Kwa hiyo anayepanga ghala, kichanja au nyumba Kibirizi asitumie ufuko wa leo kama kipimo, wala asitosheke na usawa ambao ziwa linauelekea. Apime kutoka kwenye alama ya 1964 na ya 2024, aongeze urefu wa mawimbi ya kusi, na ajenge juu ya hapo.